Sekondari tatu zinaunganishwa kuwa moja: tuokoe nini kwanza?

Kengele_ya_Shule

Wadau, salaam. Sekondari tatu zinaunganishwa kuwa moja, na mbili kati yake zinafungwa muhula huu ukiisha. Jengo la kwanza litabomolewa, la pili litageuzwa matumizi. Shule itakayobaki itapata jina jipya, nembo mpya na sare mpya. Kamati ya wahitimu imepewa ruhusa ya kuingia katika majengo yote mawili kwa wiki nne kabla funguo hazijakabidhiwa.

Vilivyomo, kwa haraka: kabati la makombe, picha za pamoja zenye fremu, albamu za miaka ya 1970 na 1980 zile za kurasa za kunata, majarida ya shule, picha ndefu za shule nzima zilizoviringishwa, kanda za VHS na kaseti za kwaya na mahafali, rejista, na chumba kizima cha mafaili. Tuna skana moja ya mezani, kamera ya megapikseli 24, kompyuta mpakato mbili na watu wanane wa kujitolea.

Tuanze na nini? Tuskani kwa kiwango gani? Picha zilizonata na zilizojikunja tuzifanyeje? Na kipi hakifai kuwekwa mtandaoni?

---

Masijala

Mkuu, anzeni na karatasi ambazo hakuna anayezililia: rejista ya uandikishaji, kitabu cha matukio ya kila siku cha mkuu wa shule, mihtasari ya bodi, orodha za watumishi na viranja. Makombe yana watetezi wengi, na mtu yeyote atayabeba. Rejista haina mtetezi, lakini ndiyo inayowapa vingine vyote maana. Picha ya kidato cha nne isiyo na majina inaweza kutambuliwa miaka 40 baadaye ikiwa rejista ipo. Rejista ikipotea, picha hiyo inabaki nyuso tu. Isitoshe, mhitimu atakayehitaji uthibitisho kwa ajili ya pensheni, ajira au masomo ataitafuta shule ambayo haipo tena kwenye ramani.

Mambo huharibika hivi. Shule inayopokea huchukua mafaili ya wanafunzi waliopo, kwa kuwa ndiyo inayoyahitaji Jumatatu asubuhi. Mafaili ya waliokwisha kuhitimu hayana kazi ya haraka, kwa hiyo hubaki kabatini. Kisha wanakuja watu wa kuhamisha samani, wanataka kabati tupu, na yaliyomo yanaishia kwenye lori la taka. Hakuna aliyekusudia ubaya. Hakuna tu aliyeambiwa kwa maandishi kwamba mafaili hayo ni jukumu lake.

Basi siku ya kwanza msihamishe chochote. Kila chumba kipigwe picha kutoka pembe nne, halafu kila kabati likiwa limefungwa, likiwa wazi, na rafu moja moja. Mpangilio wa asili nao ni taarifa: faili lililokutwa kati ya mengine mawili mara nyingi hujulikana mwaka wake kwa majirani zake. Kisha andikieni mamlaka inayomiliki shule mkiuliza kila kundi la kumbukumbu litakwenda ofisi gani, makasha mangapi, na nani atasaini kupokea. Orodha ya makabidhiano iwe na nakala tatu. Rejista halisi si mali ya kamati, kwa hiyo zisilale nyumbani kwa mtu hata usiku mmoja. Pigeni picha kurasa zote, halafu zifuatilieni mpaka zifike kwenye hifadhi ya nyaraka inayotambulika.

Kuna jambo moja la kujifunza Marekani. Mwaka wa shule wa 1939–40 kulikuwa na wilaya za elimu zaidi ya 117,000. Kufikia mwishoni mwa karne zilikuwa chini ya 15,000. Kila muungano ulihamisha kumbukumbu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na baadhi ya wilaya zilizomeza wenzake nazo zikamezwa. Anayetafuta matokeo ya sekondari iliyofungwa huko hulazimika kwanza kujua nani alirithi kwa nani. Andikeni ukurasa mmoja wa urithi sasa: majina yote ambayo kila shule imewahi kutumia, tarehe za kuanzishwa na kufungwa, iliunganishwa na ipi, rejista ziko ofisi gani. Ukurasa huo uwekwe ndani ya kila kasha na kila folda ya kompyuta.

---

Fundi_Skana

Nachukua upande wa vifaa. Skana moja kwa watu wanane itakuwa foleni, kwa hiyo gawaneni hivi: vitabu vilivyojalidiwa (rejista, majarida) viende kwenye kamera, picha na karatasi huru ziende kwenye skana.

Kamera: ifungwe kwenye stendi ikitazama chini, lenzi sambamba na ukurasa. Taa mbili za aina moja, kushoto na kulia, kwa mwinamo wa nyuzi 45. Taa za dari zizimwe, flashi isitumike kabisa. ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) iwe 100, tundu la lenzi f/8, kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisitikise, na mizani ya weupe isiachwe kwenye otomatiki, maana rangi itabadilika ukurasa hadi ukurasa. Kurasa mbili za A4 zilizofunguka zitatoka zaidi ya nukta 300 kwa inchi hata ukiacha ukingo, na hiyo inatosha kwa maandishi. Msikandamize mgongo wa kitabu mpaka ulale bapa. Wekeni mito au taulo zilizokunjwa chini ya jalada, kitabu kifunguke kadiri kinavyotaka chenyewe. Mmoja afungue kurasa, mmoja abonyeze na kukagua namba za kurasa. Kosa la kawaida ni kurasa mbili kufunguliwa kwa pamoja. Lisipoonekana hapo hapo, litaonekana jengo likiwa limeshabomolewa.

Skana: karatasi nukta 300 hadi 400 kwa inchi, picha zilizosafishwa 600, filamu za negativu za milimita 35 kuanzia 2,400 kwenda juu kama skana ina taa ya filamu. Skanini kwa rangi hata picha nyeusi na nyeupe, maana rangi ya kufifia na wino wa mhuri ni ushahidi. Nakala kuu ni TIFF (faili kubwa lisilopoteza kitu), ya kutazama ni JPEG (faili dogo lililobanwa). Zimeni kila kitufe cha "kuboresha" picha. Kwa makadirio ya nafasi: A4 ya rangi kwa 300 ni kama MB 26, kwa hiyo jarida la kurasa 100 ni GB 2.6. Picha zilizochapwa ndani ya majarida zina nukta za matbaa na zitatoa michirizi ya mawimbi. Hizo zichukuliwe kwa 600, zipunguzwe baadaye kwenye nakala ya kutazama tu.

Albamu za kunata: kwanza piga picha ukurasa mzima na plastiki yake imeinuliwa, kwa sababu maelezo mengi yameandikwa pembeni mwa picha. Kisha pitisha uzi wa kusafishia meno, usio na ladha, chini ya picha ukiusogeza kama msumeno polepole. Ukigoma, acha, skani ukurasa mzima. Msitumie kikausha nywele. Joto hulainisha gundi, lakini hukunja picha na linaweza kuharibu tabaka lake la juu.

Picha iliyonata kwenye kioo cha fremu isivutwe kamwe. Tabaka la picha limeshikana na kioo na litabaki kiooni. Ipigwe picha hapo hapo kupitia kioo, ihifadhiwe na kioo chake.

Zilizoviringishwa zinahitaji subira. Chukua ndoo kubwa ya plastiki yenye mfuniko, weka maji kidogo chini, weka juu yake wavu wa waya wa kuinulia, kisha picha isimame ndani ya chombo kingine kilicho wazi ili isiguse maji hata tone. Funika. Angalia kila saa. Karatasi ikilegea yenyewe, itoe, ilaze kati ya karatasi za kufyonza maji, juu yake ubao na uzito mwepesi, na badilisha karatasi hizo unyevu ukiingia. Ikiwa picha ina ukungu, imepakwa rangi kwa mkono au inabanduka magamba, msijaribu: ipelekeni kwa mtaalamu ikiwa bado imeviringishwa.

Majina ya faili yawe bila nafasi na tarehe ianze na mwaka: 1978_kwaya_0012. Pale mwaka usipojulikana, andikeni 197x, wala msibuni. Jedwali moja liwe na safu za nambari, tarehe, tukio, watu, aliyetoa, ruhusa, na maandishi ya nyuma ya picha neno kwa neno, makosa yake yakiwemo. Mkiandika nyuma ya picha yenyewe, tumieni penseli laini. Kalamu ya wino hupenya au huacha mfuo unaoonekana mbele.

---

Sauti_Hai

Napingana na Masijala kidogo juu ya mpangilio. Rejista zianze, sawa, lakini kanda ziwashwe siku hiyo hiyo. Kanda ya saa moja huchukua saa moja kuhamishwa, hakuna njia ya mkato, na inaweza kuendelea pembeni watu wakifanya mengine. Karatasi iliyotunzwa vizuri itasubiri, ila kanda ya VHS ya mahafali inazidi kufifia na mashine za kuichezea zinazidi kuadimika.

Kabla ya kuichomeka, vunjeni kile kipande kidogo cha plastiki mgongoni mwa kanda kinachoruhusu kurekodi. Kaseti za sauti nazo zina viwili juu. Hapo hakuna atakayeirekodia juu kwa bahati mbaya. Tazameni dirishani: mkiona unga mweupe au nyuzi nyuzi, huo ni ukungu. Tieni kanda hiyo kwenye mfuko, msiicheze, maana itachafua vichwa vya mashine na kuambukiza zinazofuata. Zilizo safi zipelekwe mbele hadi mwisho na kurudishwa mwanzo mara moja kabla ya kucheza. Safisheni vichwa kila baada ya kanda chache.

Na kuna kumbukumbu isiyo kabatini. Wahojini walimu, wapishi, walinzi, makarani, madereva. Rekodi kwa WAV, 48 kHz, biti 24. Saa moja ya chaneli moja ni kama MB 520. Feni na friji vizimwe. Mahojiano ya dakika 60 hadi 90 yanatosha, zaidi ya hapo mzungumzaji huchoka. Ridhaa isainiwe kabla, ikieleza kama sauti itawekwa wazi au itafungwa kwa muda. Tatizo kubwa ni kwamba kila mtu huanza na siku shule ilipotangazwa kufungwa, na hasira hiyo humeza miaka 50 ya nyuma. Ulizeni siku ya kawaida: kengele ilipigwa saa ngapi na nani, foleni ya chakula ilipangwaje, wimbo wa shule uliimbwa kwa sauti ngapi. Mwombeni auimbe. Maneno ya wimbo huwa yameandikwa mahali. Tuni yake mara nyingi haikuandikwa popote.

---

Historia_ya_Elimu

Shule ya tatu, ile inayobaki na jengo, msiisahau. Jina lake nalo linakufa, ila kwa kuwa milango ipo wazi hakuna anayekimbilia kuokoa kitu. Chukueni rejista na picha zake kwa uzito uleule.

Pia angalieni nani anatoweka zaidi kuliko wengine. Kusini mwa Marekani, baada ya hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 1954 dhidi ya ubaguzi shuleni, muungano mara nyingi ulifanywa kwa kufunga sekondari za Weusi na kuwahamishia wanafunzi katika zile za Wazungu. Maelfu ya walimu Weusi walipoteza kazi. Majina, rangi na makombe ya shule zao havikuhamia pamoja na watoto. Hata majengo ya shule za Rosenwald, karibu 5,000 zilizojengwa kwa ajili ya watoto Weusi katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, yaliachwa mengi yaoze, hadi mwaka 2002 yalipoingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini zaidi nchini humo. Kilichobaki cha sekondari nyingi za aina hiyo kilitunzwa na wahitimu wenyewe.

Muungano wowote una upande wenye sauti ndogo. Huenda ni shule ya wasichana, huenda ni ile ya kijijini. Hesabuni katika jedwali lenu vitu vingapi vimetoka kila shule. Safu moja ikiwa tupu, tumeni watu huko wiki hiyo hiyo.

Jengo la kubomolewa lipimwe: urefu, upana na kimo cha kila chumba, mchoro wa sakafu, picha za kila uso wa jengo zikipigwa moja kwa moja kutoka mbele, na kijiti chenye alama za sentimita ndani ya picha.

---

Kengele_ya_Shule

Ahsanteni sana, tumeshagawana kazi. Yamebaki matatu. Makombe ni zaidi ya 200 na shule mpya inasema ina nafasi ya 20. Pia kuna jiwe la msingi. Na kundi la WhatsApp la wahitimu linataka tutume kila kitu huko.

---

Masijala

Makombe: pigeni picha yote, pande zenye maandishi, na maandishi yanakiliwe kwenye jedwali. Kisha chagueni kwa mchezo na kwa kipindi, msichague kwa ukubwa. Kikombe kidogo cha kwanza cha netiboli kina habari kuliko vikubwa vitano vya mfululizo. Yasiyobaki, yatoeni kwa timu zilizoyashinda, kwa saini.

Jiwe la msingi: pelekeni barua kwa mkandarasi kabla ya kazi kuanza, itaje jiwe lilipo na kwamba litolewe kwa mkono. Nyuma yake wakati mwingine kuna kopo lenye magazeti na sarafu. Likipatikana limelowa, karatasi zisitenganishwe papo hapo; zifungwe kwenye plastiki na kugandishwa kwenye friza mpaka mtaalamu azione.

WhatsApp itumike kutambua nyuso, si kuhifadhi. Hubana picha na kuondoa taarifa za faili; mkilazimika, tumeni kama hati. Chapeni picha yenye namba juu ya kila uso, na jina liingizwe likithibitishwa na watu wawili ambao hawajasikilizana. Hifadhi yenyewe iwe nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa jengo lingine kabisa, pamoja na faili la SHA-256 (alama ya kipekee ambayo kompyuta huikokotoa kwa kila faili) la kukagua kila mwaka kama kuna kilichoharibika.

Visivyokwenda mtandaoni: matokeo ya mtu mmoja mmoja, adhabu, afya, madeni ya ada, anwani za wazazi. Marekani ina sheria ya kulinda rekodi za masomo tangu 1974. Someni ya nchi yenu. Kumbukeni pia kuwa hakimiliki ya picha kwa kawaida ni ya mpiga picha, hata kama fremu ni ya shule. Studio ikiwa bado ipo, ombeni ruhusa kwa barua, na barua hiyo iskaniwe pamoja na picha zake.