Bibi kaanguka, mazoezi gani yatamfaa?

Mjukuu_Mikindani: Wakuu, bibi yangu ana miaka 74, juzi kaanguka akiokota korosho, mkono umevimba na sasa anaogopa hata kwenda msalani peke yake. Kuna mazoezi?

Kaka_Shangani: Pole sana. Ashike kiti kizito asimame mguu mmoja sekunde 10 kisha abadili, halafu awe anakaa na kuinuka taratibu, na wewe usimame karibu yake kabisa umdake. Shirika la Afya Duniani linasema siku 3 au zaidi kwa wiki kwa wa miaka 65 kwenda juu.

DadaLindi: Ila mkono ukapigwe picha kwanza jamani! Na kandambili zilizolika soli tupa, mama yangu zilimponza.

Mjukuu_Mikindani: Asanteni, picha tumepiga, haujavunjika. Leo kashika kiti kasimama mguu mmoja mpaka sekunde sita, kacheka mwenyewe.