Tunawatumia vijana wa miaka 16 na 17 katika kila hatua ya uchaguzi, kisha tunawanyima kura: hili halikubaliki

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Mimi ni mwalimu wa shule moja ya kata huku Kanda ya Ziwa. Nafundisha Uraia na Historia, huu ni mwaka wa kumi na moja, na naandika uzi huu nikiwa na hasira ambayo nimeikalia kwa muda mrefu. Wiki iliyopita, katika kikao cha wazazi, nilisema kwamba wanafunzi wetu wakubwa wangepaswa kuwa na sauti katika kumchagua mwenyekiti wa kijiji, kwa kuwa maamuzi mengi yanayogusa shule yanaanzia kwake. Mzee mmoja aliyewahi kushika uongozi alisimama, akasema mtoto wa shule hajui lolote kuhusu uongozi, asome kwanza, kura ataikuta. Wazazi wakampigia makofi. Mimi nilikuwa mwenyeji wa kikao, nikanyamaza. Hapa sinyamazi.

Naomba niwaeleze kilichotokea shuleni kwetu Novemba 2024, kwa sababu ndicho kilichoniondolea subira. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulipangwa Jumatano, tarehe 27. Kama mnavyojua, katika vijiji vingi jengo la umma lenye nafasi ya kutosha ni shule, hivyo vyumba viwili vya madarasa yetu vilitengwa kuwa vituo vya kupigia kura. Jumanne wanafunzi waliambiwa waje na mifagio na ndoo. Kidato cha Tatu walitoa madawati yote, wakayapanga chini ya mwembe, wakachota maji bombani, wakadeki sakafu na kufuta ubao uliokuwa na hesabu za siku hiyo. Kijana mmoja, mrefu kuliko wenzake, alipandishwa juu ya meza kufunga kamba ya pazia la kituturi, kile kibanda cha kupigia kura kwa siri. Alipomaliza aliingia ndani yake, akainama juu ya meza kwa muda mfupi kana kwamba anaandika, akatoka akiwaangalia wenzake. Kesho yake alibaki nyumbani. Alikuwa na miaka 17, na alikuwa amebakiza siku tisa tu kutimiza 18.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nami, maana hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Ibara ya 5 ya Katiba yetu inampa haki ya kupiga kura raia aliyetimiza miaka 18, na watu husema, basi, miaka 18 si mingi, mtoto avumilie. Lakini uchaguzi hauji kila mwaka. Unakuja kila baada ya miaka mitano. Kijana yule aliyekosa kwa siku tisa mwaka 2024 hataweza kumchagua mwenyekiti wake wa kijiji mpaka mwaka 2029, akiwa anakaribia miaka 23. Katika uchaguzi mkuu hali ni ile ile: aliyezaliwa siku moja baada ya tarehe inayotakiwa kwa uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 anasubiri mpaka 2030. Ukiwachukua vijana wote wa nchi hii na kuutazama kila uchaguzi peke yake, wa mitaa au mkuu, wapo wanaobahatika kupiga kura ya kwanza mara tu wanapotimiza 18, na wapo wanaofika 22 na miezi kadhaa bila kuwahi kushika karatasi ya kura ya uchaguzi huo; wastani wao unaangukia kwenye miaka 20 na nusu. Huo ndio umri halisi wa kuanza kupiga kura Tanzania, na hakuna aliyewahi kuupitisha bungeni. Tukishusha mpaka 16, hata yule mwenye bahati mbaya kuliko wote atapiga kura ya kwanza kabla ya kufikisha 21.

Wanasema hawajakomaa. Nawauliza, hawajakomaa kwa lipi? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na Mahakama Kuu. Muda uliotolewa ulipita bila marekebisho. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inamruhusu mtoto wa miaka 14 kufanya kazi nyepesi. Kwa Kanuni ya Adhabu, mtoto aliyevuka miaka 12 anaweza kujibu mashtaka ya jinai bila mtu yeyote kulazimika kuthibitisha kwanza kwamba alijua alichokuwa anafanya. Yaani dola inamwona ana akili ya kutosha kuolewa, kuajiriwa na kushtakiwa, lakini ikifika zamu ya kumchagua atakayesimamia kisima cha kijiji, akili hiyo hiyo inatoweka. Nimewafundisha wasichana watatu ambao walitoka darasani kwangu kwenda kwa waume. Mmoja wao alikuwa na mtoto mgongoni nilipokutana naye sokoni, na bado hakuwa na umri wa kupiga kura.

Wanasema pia kwamba vijana hawa wasiingizwe kwenye siasa. Nani aliyeacha kuwaingiza? Kiongozi akipita barabara kuu, wa kwanza kutolewa darasani ni wanafunzi. Nakumbuka siku moja tuliagizwa kuwapanga kando ya barabara kuanzia saa tatu asubuhi, wakiwa na matawi mikononi, kwa ajili ya msafara uliopita saa nane mchana bila kupunguza mwendo. Msichana mmoja wa Kidato cha Pili alianguka kwa jua na njaa. Nilimbeba mimi na mwalimu mwenzangu mpaka kwenye kibanda cha fundi baiskeli, tukampepea kwa daftari lake mwenyewe. Vipindi vya siku ile havikufidiwa kamwe. Kwenye mikutano ya kampeni wanaoimba, wanaocheza ngoma na kuujaza uwanja ili picha ipendeze ni hao hao. Na Oktoba 2024, wakati wa kuandikisha wakazi kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa, vyama vya upinzani vililalamika hadharani kwamba wanafunzi walio chini ya umri wameingizwa kwenye daftari. Kama kuna mahali hilo lilitendeka, basi mkubwa alilitaka jina la mtoto, na mtoto mwenyewe hakumtaka.

Sitaki kuyafungua upya majeraha ya Oktoba 29, 2025. Nasema jambo moja tu. Waliotoka barabarani kuandamana siku ile ya uchaguzi walikuwa vijana, na baadaye tuliambiwa kwamba wengi wao walifuata mkumbo. Mimi ninayekaa nao saa nane kwa siku nakataa maelezo hayo mepesi. Kijana ambaye tangu akiwa na miaka 14 anasikiliza habari kwenye simu, anaona michango, anaona nani anapewa kazi na nani anaachwa, na hana mahali popote pa kuipeleka hasira yake kwa utaratibu, hiyo hasira ataipeleka wapi? Tumewaundia mabaraza ya watoto, wanasimama wakiwa wamevaa sare nadhifu na kusoma risala, wakubwa wanapiga makofi na kuondoka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ana haki ya kutoa maoni. Sawa, maoni ametoa. Nani anabanwa kuyafuata?

Kuna hoja moja ninayoiheshimu, na ningependa wanaonipinga wajikite hapo badala ya kurudia habari za utoto. Ni kwamba mwanafunzi anaweza kushinikizwa na mwalimu au mzazi. Ni kweli. Walimu wengi ndio wanaosimamia vituo siku ya uchaguzi, na mkuu wa shule ya bweni anaweza kuwapeleka wanafunzi mia nne kituoni kama kundi. Ndiyo maana nasema kijana wa 16 aandikishwe kwenye kijiji au mtaa anakoishi na wazazi wake, kamwe si shuleni, na siku hiyo shule zifungwe. Lakini tusijifanye kwamba shinikizo ni ugonjwa wa vijana peke yao. Nimeona watu wazima wenye wajukuu wakipanga foleni ya kugawiwa khanga, kofia na sahani ya pilau siku mbili kabla ya kura, na hakuna aliyependekeza wanyang'anywe haki yao.

Na wale wanaosema Waafrika tusiige mambo ya Ulaya, niwakumbushe historia ya kwetu. Katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959, Mtanganyika alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa fulani, ndipo aruhusiwe kupiga kura, tena alazimike kuwapigia watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Sababu iliyotolewa na wakoloni ilikuwa hii hii ninayoisikia kwenye vikao vya wazazi: hawajakomaa, hawajasoma, wataharibu. Chama cha TANU, kilichokuwa kikidai uhuru, kilikaa Tabora Januari 1958 na kuamua kuingia katika uchaguzi ule pamoja na masharti yake mabaya, na ndani ya miaka minne nchi ilikuwa huru. Babu zetu hawakukomaa ghafla mwaka ambao masharti yale yaliondolewa. Walikuwa wamekomaa siku zote.

Hata huko kwingine jambo hili si geni tena. Brazil iliruhusu vijana wa 16 katika Katiba yake ya mwaka 1988, kwa hiari yao. Austria ilifuata mwaka 2007. Scotland iliwaruhusu katika kura ya maoni kuhusu uhuru wake ya Septemba 2014, na utafiti wa Tume ya Uchaguzi ya Uingereza ulionyesha kuwa asilimia 75 ya wenye miaka 16 na 17 walisema walipiga kura, wakati wenye miaka 18 hadi 24 walikuwa asilimia 54. Mimi sishangai. Mwenye miaka 16 bado yuko nyumbani, anajua kituo kilipo, anajua jina la mwenyekiti na deni la kijiji. Akifika 19 ameshakwenda chuoni, au JKT, au Kariakoo kuuza soksi, na jina lake limebaki kwenye daftari la kijiji kilicho mbali naye kwa nauli ya siku nzima. Tunamngoja aondoke ndipo tumwite.

Mwaka jana wanafunzi wetu walichagua viongozi wa serikali yao. Mgombea mmoja wa dada mkuu alishindwa kwa kura moja. Wakala wake, msichana wa miaka 15, alinyoosha mkono na kuomba kura zihesabiwe upya, moja moja, mbele ya kila mtu. Zilihesabiwa ubaoni, vijiti vitano vitano, huku darasa zima likifuata kwa sauti, na matokeo yalibaki yale yale. Msichana yule akasaini, akaenda kumpa mkono mshindi. Hakuna aliyeomba chakula, hakuna aliyepigwa. Ningetamani yule mzee wa kikao angekuwepo.

Ninachokitaka ni hiki. Kijana wa miaka 16 aruhusiwe kupiga kura katika uchaguzi wa kitongoji, kijiji na mtaa wa mwaka 2029, na aruhusiwe kuingia kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao leo ni wa wenye miaka 18 na kuendelea, ingawa mawe na mchanga wa madarasa yanayojadiliwa pale husombwa na wanafunzi. Uchaguzi mkuu tuuzungumze baadaye, tukishaona. Katiba hii imefanyiwa marekebisho 14 kufikia mwaka 2005, kwa hiyo asije mtu akaniambia haiguswi. Wabunge wanaopita mashuleni kugawa mipira na jezi waulizwe swali hili moja, na majibu yao yaandikwe.

Alhamisi ile, siku moja baada ya uchaguzi, tulirudisha madawati ndani. Kijana wangu mrefu ndiye aliyebandua karatasi ya matokeo iliyobandikwa mlangoni. Alisimama akaisoma yote, majina na kura za kila mmoja, polepole, kisha akaikunja vizuri na kuniuliza, "Mwalimu, hii naitupa au naitunza?"

Nilimwambia aitunze.