Miezi miwili kisiwani nikizamia, mfuko mwembamba. Nianzie wapi?

Mbizi_Kumi_na_Moja:
Wakuu habari zenu. Nina cheti cha kwanza cha kuzamia, kile cha mita 18, na mbizi 11 tu maishani. Nimeacha kazi, nina akiba kidogo, nataka miezi miwili ya kuzamia mpaka nichoke. Nawaza Koh Tao kule Thailand, au Utila, Honduras, maana ndivyo visiwa vinavyosifiwa kwa unafuu. Ninunue vifaa vyote kabla sijaondoka? Na ni kweli ukifanya kazi kwenye duka la wazamiaji unazamia bure? Msinicheke.

Kasa Mzee:
Nani akucheke? Mimi nilikwenda kwa wiki tatu nikakaa miezi saba. Mwezi wa kwanza ndio ulionimaliza. Nilihama visiwa vitatu, na kila nilipohama nililipa boti, nikalipa chumba kwa bei ya mtu wa usiku mmoja, nikalipa mbizi mojamoja. Nilipotulia mahali pamoja nikapata chumba cha mwezi na mbizi kumi kwa mpigo. Tena mwenye boti akishakuzoea, siku yenye nafasi anakuita mwenyewe.

Vifaa: nunua miwani ya kuzamia na kompyuta ya kufunga mkononi, basi. Miwani ipachike usoni bila kufunga mkanda, vuta hewa kidogo kwa pua. Ikibaki imeng'ang'ania, hiyo ni yako. Kompyuta nayo inahesabu nitrojeni iliyo mwilini mwako, si ya mwenzako. Vingine kodi.

Mimi nilijiona mjanja, nikanunua regulata (kile kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi) ya mtumba kwa mtu aliyekuwa anafunga virago. Mbizi ya tatu, mita 14, ikaanza kumwaga hewa bila kukatika. Viputo vinanipiga usoni, mkono wangu mwenyewe siuoni, na mshale wa geji ya hewa ya mtungi unashuka huku nautazama. Nilipanda kwa regulata ya akiba ya mwenzangu. Fundi alipoifungua tukakuta shaba imeota ukijani na chumvi imeganda kwenye kila kona. Kuitengeneza kungenigharimu kuliko nilivyoinunua.

Halafu kuna pumzi, na hapa ndipo pesa yako inapovujia. Mtungi wa lita 12 uliojazwa bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo) una hewa lita 2,400. Toa bar 50 za akiba, unabaki na 1,800. Kama juu ya maji unapumua lita 20 kwa dakika, kwenye mita 20 shinikizo ni mara tatu ya lile la juu, kwa hiyo unakula lita 60. Dakika 30, umekwisha. Anayepumua lita 12 anakaa dakika 50 kwa malipo yaleyale. Lakini usizuie pumzi hata siku moja, utapasua mapafu. Dawa yake ni kutulia na kupunguza risasi kiunoni, yaani vile vipande vya madini ya kukuzamisha. Mimi nilianza na kilo 8 nikaishia na 4. Zile za ziada zilikuwa zinanilazimisha kujaza hewa jaketi la kuelea na kupiga miguu kama mtu anayekimbizwa.

Dada wa Kompresa:
Hiyo "bure" nimeifanya, si bure. Saa kumi na mbili asubuhi unajaza mitungi, mchana unasuuza suti za wageni (na wanakojoa humo, tusidanganyane), jioni huna mguu wa kusimama. Kwa wiki nilizamia mara mbili. Angalia na viza pia: kufanya kazi ili upewe chumba, nchi nyingi zinahesabu ni kazi hata kama hakuna mshahara. Njia iliyonyooka ni mafunzo ya divemaster, yaani kiongozi wa wazamiaji. Kwa PADI, shirika linalotoa vyeti vya kuzamia, uwe na miaka 18, uanze na mbizi 40 na umalize ukiwa na 60. Wewe zamia kwanza.

Mwanamaji Mstaafu:
Mmesahau bima. Bima nyingi za safari hazigusi kuzamia, au zinakomea kina fulani. Soma yale maandishi madogo. Chemba ya kutibu ugonjwa wa mgandamizo (ile nitrojeni ikigeuka viputo mwilini) si kitu cha kulipa mfukoni. Na ukizamia siku mfululizo, subiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Siku hiyo ya kukaa nchi kavu utakula na kulala, iweke kwenye hesabu tangu sasa.

Mbizi_Kumi_na_Moja:
Asanteni sana. Nikienda Novemba, si bei ziko chini?

Kasa Mzee:
Ziko chini kwa sababu visiwa vyote viwili ulivyotaja vinanyeshewa. Maji yanachafuka, na siku zenye mawimbi boti haitoki. Chumba unalipia hivyohivyo.

Mbizi_Kumi_na_Moja:
Nimekupata mkuu. Ile regulata uliipeleka wapi?

Kasa Mzee:
Ninayo. Inazuia mlango wa stoo usijibamize na upepo. Kwa kazi hiyo haijawahi kuniangusha.