Ushauri: pikipiki kwenye mvua, njia ya Uyole hadi Kiwira

Mleta uzi: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni muuguzi, naishi Uyole, Mbeya, kazi iko Kiwira. Nakwenda na kurudi kwa pikipiki ya cc 125, breki za drum mbele na nyuma. Kiangazi sina shida, ila mvua za Rungwe zikianza mwezi wa 11 ni mpaka wa 5. Juzi nashuka kutoka Isyonje, ukungu umefunga, lori liko nyuma yangu. Nikakanyaga breki ya mguu kwenye kona, tairi la nyuma likaserereka. Sikuanguka, lakini sasa nikifika pale mikono inakakamaa. Zamu za usiku siwezi kutegemea daladala. Nifanyeje?

Boda wa Igawilo: Pole sana dada. Breki ya mbele isahau kabisa kwenye maji, itakumwaga. Tumia ya mguu tu, na toa upepo kidogo ili tairi zishike lami.

Fundi pikipiki: Mkuu, samahani, kwa hayo mawili unampoteza dada yetu. Ukishika breki uzito unahamia mbele, nyuma panabaki pepesi, ndiyo maana lake liliserereka. Dada, tumia zote mbili, ya mbele uiminye taratibu kwa vidole viwili. Mwendo uumalize KABLA ya kona, pikipiki ikiwa wima. Mteremko ule shuka na gia ya pili au ya tatu, injini ikuzuie yenyewe. Usipige free (kushuka bila gia) hata siku moja! Upepo jaza kipimo cha kiwandani, kwani tairi legevu halipasui maji, linaelea juu yake. Na ukivuka dimbwi, maji yakaingia kwenye drum, brekishuu hazishiki. Endelea polepole huku unagusagusa breki mpaka zikauke.

Mama wa Tukuyu: Pole mwanangu. Mvua inapoanza tu ndipo pabaya zaidi, maana vumbi na oili ya malori vinapanda juu ya maji. Mimi hujibanza kibandani kama robo saa, lami ioshwe kwanza. Pale Isyonje magari ya viazi yanaacha udongo wa shambani barabarani, ukilowa unateleza kama sabuni. Michoro myeupe nayo usiifungie breki juu yake. Kwenye ukungu usiwashe taa full, mwanga unakurudia machoni. Rifleka vaa juu ya koti la mvua, wengi wanaifunika. Na glavu tafadhali, vidole vikifa ganzi utaipimaje breki?

Boda wa Igawilo: Fundi, la upepo nimekuelewa. Breki ya mbele bado naiogopa.

Fundi pikipiki: Ijaribu kwenye uwanja mtupu, mwendo mdogo, siku ya manyunyu. Mkono utazoea.

Mleta uzi: Asanteni mno. Na lori likinisukuma nyuma?

Mama wa Tukuyu: Usishindane nalo. Likupite, ila usijibanze kwenye kona. Tafuta palipo nyoofu, washa indiketa mapema, toka nje ya lami kabisa. Likishapita liache liende mbali, maji yanayorushwa na matairi yake yanakupofusha.

Mleta uzi: Sawa mama. Fundi, tairi la nyuma kashata (yale meno ya tairi) za katikati zimeisha, pembeni zipo.

Fundi pikipiki: Basi hilo ni kipara, dada. Katikati ndipo panapokanyaga lami. Libadilishe kabla ya zamu ijayo, hata kama koti na glavu vitasubiri mshahara.