Tupeane uzoefu: uliambiwa utolewe kizazi, njia nyengine ulielezwa?

Bi Ng'ambo
Assalaam alaykum wenzangu. Uzi huu ni wa wanawake wa Unguja na Pemba tulioambiwa tutolewe kizazi, sana sana kwa sababu ya fibroidi, yaani uvimbe unaoota kwenye kizazi, au damu kutoka nyingi. Nataka tuambizane jambo moja, kabla fomu haijasainiwa kuna mtu alikukalisha akakueleza kuna njia nyengine? Mana hapa kwetu mtu akishakuwa na watoto wake wanne watano anaambiwa tu kizazi kishafanya kazi yake, kitoke upumzike, na ndo basi.

Naanza mie. Nina miaka 43. Damu ilikuwa inanitoka hadi naogopa kukaa kwenye viti vya watu, nikenda harusini ndani ya buibui nimejifunga kanga mbili nyeusi na ya tatu imo mkobani, na keki sili nataka kurudi nyumbani tu. Na ibada ndo mtihani mwengine, sisi wa madhehebu ya Shafi hedhi mwisho wake siku 15, ikizidi hapo ni istihadha, damu isiyo ya hedhi, unajisafisha unajifunga unasali, sasa mwenye fibroidi kila mwezi yuko kwenye hesabu leo nasali au sisali, na funga za kulipa zinarundikana Ramadhani hadi Ramadhani. Damu mwilini ilishuka hadi 6.

Daktari wa kwanza alitizama karatasi ya utrasaundi juu juu akaandika operesheni ya kutoa kizazi. Fomu ya Kizungu, na kalamu akapewa mume wangu, mie nimelala hapo hapo nawatizama. Mume wangu Mungu amjaalie kheri akasema hatusaini leo, tukaulize na kwengine. Daktari wa pili akachukua bahasha ya eksirei akanichorea kizazi nyuma yake, akanionesha kuna fibroidi za kuning'inia nje, kuna za ndani ya ukuta, na kuna zinazochomoza kwenye tundu la kizazi, yaani ule uwazi wa ndani, na hizi za mwisho hata ikiwa ndogo damu yake haina mchezo. Yangu kubwa ilikuwa imo ukutani imesukuma kwa ndani. Akasema hii inatoka peke yake na kizazi kinabaki, ila kwanza tuinyanyue damu, na akanambia wazi kuwa fibroidi zinaweza kuota nyengine baadae. Nimefanyiwa hivo na kizazi changu ninacho. Bahasha ninayo mpaka leo nawaonesha watu. Haya, na nyie semeni.

BintiWete
Waalaykum salaam dada. Mie nasema ya mama yangu kwa ruhusa yake. Alikuwa na miaka 38, alitoka Pemba akavushwa kwa boti kuja Unguja akatolewa kizazi. Alivorudi wiki ile ile akaanza joto linapanda kifuani mpaka usoni, usiku anatoka jasho shuka inarowa, usingizi hana, anagomba na kila mtu. Wazee wakasema kaona kitu, akasomewa. Baadae sana mtoto wa dada yake anaesoma uuguzi akaisoma ile karatasi ya kutokea spitali, imeandikwa kizazi na vifuko vyote viwili vya mayai vimetolewa. Mama hajaambiwa. Baba hajaambiwa. Mwanamke kaingizwa kukoma hedhi kwa siku moja na hakuna aliemwambia hiyo ni nini wala kuna dawa yake. Sijui kama vile vifuko vilikuwa na ugonjwa, pengine vilikuwa navo, lakini mwili ni wake na alikuwa na haki ya kujua.

Nesi wa Shamba
BintiWete mpe pole mama, na mpelekeni kwa daktari wa kinamama hata sasa, mana mtu aliekoma mapema hivo mifupa yake inadhoofika haraka na moyo pia unataka kuangaliwa.

Naomba niseme kidogo kwa kazi yangu. Kutoa kizazi na kutoa vifuko vya mayai ni mambo mawili mbali mbali, ulizeni yote mawili. La pili, kuna wakati kizazi lazima kitoke, saratani ni mfano, au mzazi kizazi kimechanika na damu haisimami, hapo hakuna mjadala ni kuokoa roho, msije mkamkimbia daktari kwa sababu ya uzi huu. Na mtu wa miaka 45 kwenda juu anaetoka damu ovyo achukuliwe kinyama cha ndani ya kizazi kikapimwe kwanza, na aliekwisha koma akaona damu hata tone asikae nyumbani.

Lakini fibroidi nyingi sana si saratani, na hedhi ikikoma mara nyingi zinasinyaa wenyewe. Kwa hiyo mtu wa miaka 48 pengine anachotaka ni kuvushwa tu mpaka hedhi ikome. Kuna vidonge vya traneksamiki, unakunywa zile siku za damu tu na vinaipunguza. Kuna kitanzi cha homoni, si kile cha shaba ambacho huzidisha damu, hichi kinatoa homoni kidogo kidogo mle mle ndani na kinakaa miaka 5 au zaidi, miezi ya mwanzo unaona matone matone halafu damu inakuwa kidogo kabisa na wengine haiji. Uingereza kwenye mwongozo wao wa damu nyingi ndo wanachoanza nacho. Fibroidi ikiwa imelipinda tundu la kizazi hakifai, kinaweza kutoka. Tatizo kwetu watu wakisikia kitanzi wanasema ni uzazi wa mpango, mie nishazaa cha nini, hawajui kama ni dawa ya damu.

Mama Ilham, Fuoni
Mie yangu ilizibwa mishipa, Dar. Wanaita embolaizesheni. Hupasuliwi tumbo, unatobolewa tundu dogo kwenye paja hapo kinenani, wanapitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wanautizama kwenye mashine ya eksirei mpaka ufike mishipa inayolisha kizazi, wanaingiza chembe ndogo kama mchanga damu isifike kwenye fibroidi, basi inakosa chakula inasinyaa. Nilikuwa macho nawasikia wanazungumza. Sitowadanganya, usiku ule maumivu yalinishika kama uchungu wa kuzaa na homa juu, walinipa sindano, lakini wiki ya pili nilikuwa jikoni kwangu, na wifi yangu aliepasuliwa tumbo alikaa wiki sita hainui ndoo. Walinambia pia wanaotaka kuzaa bado mara nyingi wanashauriwa kutoa uvimbe wenyewe badala ya hii.

Kinachoniuma ni kuwa hapa hakuna alienambia. Nilisikia kwa jirani.

Bi Ng'ambo
Mama Ilham ahsante, nimeitafuta nikaisoma, kumbe si jambo la jana. Ilitangazwa kwa fibroidi tangu 1995 na daktari wa Paris anaitwa Ravina, na Uholanzi walifuatilia wanawake miaka 10 baada ya kuzibwa mishipa wakaona kama theluthi mbili hawakuhitaji tena kutolewa kizazi. Na fani yenyewe imeanza kufundishwa Muhimbili tangu 2018, yaani bahari tu ndo iko kati yetu na wao.

Somo_Mkoani
Mie nilitolewa na sijuti, naomba msinitoe maanani. Nilikuwa nimechoka, nimeongezwa damu mara kadhaa, fibroidi zimejaa kama gunia la muhogo, nilieleweshwa yote nikachagua mwenyewe. Nasali vizuri nafunga vizuri alhamdulillah. Lakini ndo hayo dada anayosema, nilieleweshwa.

Mume wa mtu
Samahani naingia kwenye ya kinamama. Mie nilisaini fomu ya mke wangu, nikaambiwa tu saini hapa atakufa. Sikujua hata naweza kuuliza. Mtuandikie na sisi waume maswali ya kuuliza.

Bi Ng'ambo
Karibu kaka, wala usiombe samahani. Na Somo umesema kweli, hakuna anaekataza mtu kutolewa kizazi, tunachotaka ni mtu achague anajua.

Marekani kuna mama anaitwa Nora Coffey, alitolewa kizazi 1978, mwaka 1982 akaanzisha taasisi ya HERS kupigania mwanamke aelezwe yote kabla ya kusaini. Uingereza mahakama yao ya juu kabisa 2015 kwenye kesi ya Montgomery, kesi ya mzazi, ilisema daktari lazima amwambie mgonjwa hatari kubwa na njia nyengine zinazofaa. Wao hawakupewa kwa kukaa kimya.

Sisi tunaandika barua kwa Wizara ya Afya. Fomu ya operesheni iwe ya Kiswahili na iandikwe wazi nini kinatoka na nini kinabaki. Aulizwe mwanamke mwenyewe kama akili zake zimo, mume awepo kumsaidia. Daktari ataje njia zote hata ile ambayo hapa haipo, aseme iko Dar, mtu ajue anakwenda au hendi. Kitanzi cha homoni na traneksamiki zipatikane Pemba kama Unguja. Na ZHSF, mfuko wa huduma za afya Zanzibar, watwambie wazi katika hizi wanalipa ipi.

Kaka, maswali yako: uvimbe uko wapi na una ukubwa gani? Ni dharura au tuna muda wa kufikiri? Dawa zimejaribiwa? Uvimbe unaweza kutoka peke yake? Vifuko vya mayai vinabaki? Tukikataa leo itakuwaje?

Sasa nataka waliotumia kitanzi cha homoni, hasa Micheweni na Makunduchi, mlikipata wapi na mlilipa ngapi, barua hatuipeleki mpaka tuwe na majibu ya shamba.