Kutoka Kimara hadi Kivukoni kwa mwendokasi

Wakuu, mgeni mwenye begi anayeshukia Kimara na anataka kuwahi feri ya Kigamboni, apande basi lipi la mwendokasi (mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam)? Yote yanapita Barabara ya Morogoro.

JIBU 1
Asome kibao cha mbele kabla ya kujipanga: KIVUKONI, ndiko feri iliko. La Gerezani huendelea sawa mpaka kituo cha Fire, kisha linakata Mtaa wa Msimbazi kuelekea Kariakoo. La Morocco linaacha njia mapema zaidi, Magomeni.

JIBU 2
Akikosea akapanda la Gerezani, ashuke Fire na asubiri la Kivukoni hapohapo ndani ya kituo. Asitoke getini, maana akitoka atakata tiketi upya! Na asijibanze upande wa kushoto wa basi: vituo viko katikati ya barabara, kwa hiyo milango ya abiria iko kulia. Mwenye begi akae karibu na mlango, la sivyo kushuka ni vita.

JIBU 3
Mvua kubwa ikinyesha, aulize kwanza kuhusu Jangwani, pale njia inapovuka Mto Msimbazi. Mto huo ukifurika, barabara hufungwa na mabasi hayavuki.

MUULIZAJI
Asanteni sana wakuu, nimeelewa.