Ukoo wa Mkomani, Lamu (kundi la WhatsApp): moshi wa jikoni kwa Bibi

*Jumatatu*

Mwanaidi, 1:12 asubuhi: Assalam aleikum jamaa. Khitma ya marehemu Babu ni Ijumaa. Jana nimepanda jikoni darini kwa Bibi kuchemsha chai ya watu watatu tu, nimeshuka macho mekundu kama mla miraa. Moshi hautoki. Unajaa chumba, kisha unashuka na ngazi mpaka kitandani kwa Bibi. Na Ijumaa ni pilau la watu sitini. Tufanyeje?

Mwanaidi, 1:40: Naona wameshasoma kumi na moja.

Mwanaidi, 2:05: Kumi na wanne.

Twaha, 2:06: Pilau la moshi Nairobi wanalipia ghali 😂

Mwanaidi: Twaha, leo sina mzaha. Fundi anasema tuongeze bomba la dohani futi nne, na kofia mpya. 4,500 pamoja na kazi. Andikeni majina
1. Mwanaidi 500
2.
3.

Fatma: 2. Fatma 300, zilizobaki mwisho wa mwezi in shaa Allah

Twaha: 3. Twaha, dua

Shee Limuru, 5:30: Wa aleikum salaam. Kabla ya bomba, moto mliuwasha na kuni gani?

Mwanaidi: Kuni ni kuni.

Shee Limuru: Sizo. Zile za mkandaa, za mikoko, zilizoletwa na punda zilinyeshewa?

Fatma: Zilirowa. Ukizigonga mbili pamoja hazilii, zinasema "du".

Shee Limuru: Basi nusu ya moshi ni maji hayo. Huku kwenye baridi nyumba ninayokaa ina meko ya ukutani, ya kuotea. Mwaka wa kwanza nikiwasha, sebule inageuka tanuri la chokaa. Jirani mmoja mzee akanifunza: dohani ikilala baridi, hewa iliyomo ni nzito, inakaa kama kizibo. Sokota gazeti, liwashe, lishike juu kwenye mdomo wa dohani mpaka usikie linavutwa. Ndipo uwashe vijiti, kuni kubwa baadaye.

Twaha: Gazeti Lamu utalipata limeshafungia mahamri. Lina mafuta, litawaka vizuri.

Shee Limuru: La mafuta ndilo litakalokutolea moshi zaidi. Jengine, moto unakula hewa. Hewa ikipanda dohanini lazima nyingine iingie chumbani, la sivyo dohani inaivuta kutoka juu, nayo inashuka na moshi wake. Dirisha la jikoni liko wazi?

Shee Limuru, 7:50: Fatma, washa udi, usogeze kwenye mdomo wa dohani, utazame moshi wake unaelekea wapi. Kwanza dirisha limefungwa, kisha lifungue.

Fatma, 8:15: Halifunguki, Kaka Shee. Limepigiliwa nailoni tangu masika.

Twaha: Na nani 👀

Mwanaidi: Na mimi, mvua ilikuwa inaingia kwenye unga. Tusizunguke. Wazee waliliweka jiko lile juu ili moshi na joto viende zao, na vikaenda miaka yote, mpaka ulipopanda ule ukuta.

Twaha: Haya. Tumefika.

Mwanaidi: Mwenyewe yumo humu. Asome.

Shee Limuru: Si kwa ugomvi, ni hesabu tu: mdomo wa dohani upite kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3. Ukuta uko umbali gani?

Fatma: Nimeugusa kwa ufagio. Na umeipita dohani kwa kimo cha Bibi.

Shee Limuru: Basi upepo wa kusi ukiugonga unarudi chini, unaingia dohanini. Wakati wa kaskazi je?

Fatma: Kaskazi afadhali. Hatukohoi sana.

Mwanaidi: MMEONA.

Ami Athman, 2:31 usiku: _Ujumbe huu umefutwa_

Twaha: (picha) Huyu ni paka wa Bibi. Alikuwa mweupe.

Nuru, 4:10 usiku: Samahani nilikuwa kazini. Kwani tusiteke makaa tupikie chumba cha chini?

Shee Limuru: Usithubutu! Makaa huuoni moshi wake, lakini gesi yake haina harufu na inaua watu usingizini. Makaa ni uani.

*Jumanne*

Fatma, 12:20 jioni: Bibi ametuma sauti kwa simu yangu. Nawaandikia walio kazini, kama alivyosema:

"Ukuta ule nalimpa rukhusa mimi. Athman alikuja akaketi barazani tangu alasiri mpaka isha, asiweze kusema. Wanawe wa kike walikuwa wamekua, na sisi tukianika nguo yuu tukiwaona mpaka ndani. Nikamwambia inua. Mwenye kukohoa ni mimi, si nyinyi. Mwenye neno na Athman aanze na mimi. Na nailoni hiyo naitolewe yeo."

Mwanaidi, 1:55 usiku: Sawa Bibi. Nisamehe.

Ami Athman, 3:02: Mama, nimekusikia. Ukuta haushuki. Lakini dohani naipande nao, ishikwe kwa vyuma kwangu mpaka ipite juu. Vyuma nitatoa mimi. Kesho baada ya alasiri nakuja na fundi tupime.

Mwanaidi: Ahsante Ami. Bomba lenyewe? Maana sasa si futi nne tena.

Mwanaidi, 3:40: Ami?

Twaha: Kwa hivyo Ijumaa tunapika wapi?

Mwanaidi: Uani. Kuni kavu aleteni nyinyi wanaume, za mkandaa zikae. Ikinyesha tutaona. Na mkononi nina 800, nawakumbusha.

Twaha: Dua yangu umeihesabu?

Fatma, 3:58: Da Mwanaidi, nailoni nimeitoa. Udi umevutwa, kidogo. Misumari minne nimeiweka kwenye kikombe dirishani.

Mwanaidi: Iache hapo hapo. Mvua ikija nitaipiga tena.